Chanjo ya rota iliondolewa Marekani mwaka 1999, na huku watoto wetu wanapewa matone ya rota. Tuongee kwa hesabu

Tabibu wa Zamani (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka auhifadhi ausome kesho kwenye daladala.

Juzi kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, mpwa wangu katupia ujumbe wa kusambazwa: "Chanjo ya rota iliondolewa sokoni Marekani kwa sababu inaharibu utumbo wa watoto. Afrika bado tunapewa. Amkeni!" Mpwa ana kichanga cha wiki tano. Chini yake kaniandikia: "Mjomba, wewe si ulikuwa tabibu, hii ni kweli?"

Nikaanza kuandika "uongo mtupu", nikafuta. Nusu ya ujumbe ule ni kweli kabisa. Ukimwambia mtu kwamba kitu cha kweli ni uongo, siku akijikutia mwenyewe ukweli wake hatakusikiliza tena hata ukimwambia moto unaunguza.

Habari yenyewe ni hii. Agosti 1998 Marekani waliidhinisha chanjo ya kwanza ya virusi vya rota, inaitwa RotaShield. Virusi vya rota ndivyo vinavyoleta lile harisho la watoto wachanga la maji matupu na kutapika. Kufika Julai 1999 mfumo wao wa kuripoti madhara ulikuwa umepokea watoto 15 waliopata tatizo ambalo mimi huwaambia wazazi "utumbo umejimeza". Shika shati la mikono mirefu, vuta mkono wake ujiingize ndani kwa ndani. Ndivyo utumbo unavyofanya: kipande kimoja kinaingia ndani ya kipande kinachofuata, damu inakatika, mtoto anakunja miguu tumboni na kulia kwa mafungu, analia, ananyamaza, analia tena. Baadaye anatoa choo chenye kamasi na damu. Asipowahishwa, kipande kile kinaoza.

Wakasimamisha Julai hiyohiyo. Oktoba 1999 kampuni ikaiondoa sokoni. Hesabu zilipotulia, ikaonekana hatari ya ziada ni kama mtoto 1 kwa kila 10,000 waliochanjwa, hasa ndani ya wiki mbili baada ya dozi ya kwanza.

Hapo ujumbe wa WhatsApp unakomea. Mimi nataka tuanzie hapo.

Miaka ile Marekani nzima rota ilikuwa ikiua watoto kati ya 20 na 60 kwa mwaka. Dripu ipo, gari lipo, hospitali ipo. Duniani kote, rota hiyohiyo ilikuwa ikiua takribani nusu milioni kwa mwaka, na wengi wao walikuwa Afrika na Asia. Sasa jiulize: mtoto 1 kwa 10,000 ni hatari kubwa au ndogo? Huwezi kujibu mpaka nikuambie huyo mtoto anaishi wapi. Kwa Mmarekani, kuiondoa kulikuwa na mantiki. Kwa mtoto wa wodi niliyofanyia kazi mimi, uamuzi wa Washington ulimhukumu bila yeye kuwepo barazani.

Maana chanjo zilizofuata, Rotarix na RotaTeq, zilikuja 2006. Kila moja ilijaribiwa kwa zaidi ya watoto 60,000 ili tu kuhakikisha utumbo haujimezi. Tanzania matone yakaanza kutolewa mwanzoni mwa 2013, Kenya Julai 2014. Hesabu miaka mwenyewe.

Naweka kituo kwanza, nipo kwenye simu na chaji inakata.

---

Kijiti cha Mwisho

Nimekaa mbele kabisa na kahawa yangu. Shusha nondo mkuu.

---

Mbishi wa Tandale

Mleta mada, heshima yako. Lakini nakuona unatupeleka kwa ulaini. Kwa hiyo unasema mtoto wa Mmarekani asiguswe hata na hatari ya 1 kwa 10,000, ila wa kwetu abebe tu kwa sababu sisi ni maskini? Hiyo ni hesabu ya nani?

Halafu kuna kitu umekiruka. Mmarekani utumbo wa mwanawe ukijimeza, saa mbili baadaye yupo chini ya ultrasaundi. Huku mama ataanza na bibi, aende kwa mkandaji tumbo, apite duka la dawa, siku ya tatu ndio anafika hospitali ya wilaya na daktari wa upasuaji yupo semina. Kwa hiyo hata upande wa madhara mzigo wetu ni mzito zaidi. Au mimi ndio sijui hesabu?

---

Tabibu wa Zamani

Mbishi, hesabu unaijua, na hilo la pili ndilo watu wengi hulisahau. Mizani ina sahani mbili na huku kwetu zote mbili ni nzito.

Nimeliona kwa macho yangu. Kabla ya chanjo kuja, kulikuwa na miezi ya kiangazi ambapo tulilaza watoto watatu kitanda kimoja. Ukiingia wodini unaanza kwa macho yaliyodidimia, kisha unafinya ngozi ya tumbo. Ukiiachia inabaki imesimama kama shuka iliyokunjwa, na hapo unajua huna nusu saa. Unatafuta mshipa kwenye mkono huupati, kwenye mguu huupati, unaishia kichwani. Hao walikuwa wengi. Na utumbo uliojimeza nao tulikuwa tunaupata, wachache, chanjo ya rota ikiwa haijafika hata bandarini. Hili zingatieni: tatizo hili lipo lenyewe tangu zamani, hasa watoto wa miezi minne hadi kumi. Kwa hiyo ukichanja watoto wote wa nchi, lazima wapo ambao utumbo ungejimeza tu hata wangenyweshwa maji ya kawaida.

Unatofautishaje sasa? Unawachukua watoto ambao tatizo limewapata, unaangalia kadi zao za kliniki. Kama matone ndiyo yanasababisha, utawakuta wamerundikana kwenye siku chache baada ya dozi. Kama ni bahati mbaya tu, watasambaa kwenye wiki zote. Kazi hiyo ilifanyika hapa kwetu, nchi saba: Ethiopia, Ghana, Kenya, Malawi, Tanzania, Zambia na Zimbabwe, ikachapishwa 2018. Watoto 717. Ndani ya wiki ya kwanza baada ya dozi ya kwanza, palepale ambapo Marekani na Australia walikuwa wanaona mrundikano, alikutwa mtoto 1. Hatari ya ziada haikuonekana.

Kwa nini huku haionekani wakati Ulaya, Marekani na Australia hizi chanjo mpya zinaongeza kati ya mtoto 1 na 5 kwa kila 100,000? Wataalamu wanadhani ni kwa sababu sisi tunaanza mapema, wiki ya sita, umri ambao utumbo haujawa mwepesi wa kujimeza. Pia matone yanatolewa pamoja na ya polio, na kirusi kilichodhoofishwa hakipati nafasi ya kuzaana sana tumboni. Hiyo ya mwisho ina ubaya wake: kinga nayo inapungua.

Na hapa mnisikilize vizuri, maana mimi mwenyewe ilinichukua muda kuielewa. Kwenye majaribio, chanjo iliwakinga watoto wa Afrika Kusini kwa asilimia 77 dhidi ya harisho kali la rota. Malawi ni asilimia 49 tu. Ukisoma hivyo utasema Malawi wameuziwa mbuzi kwenye gunia. Lakini ukihesabu vichwa, kwa kila watoto 100 kwa mwaka, Malawi yaliepukwa matukio makali 6.7, Afrika Kusini 4.2. Chanjo dhaifu ilifanya kazi kubwa zaidi kwa sababu ilikuta ugonjwa mwingi zaidi.

Swali lako la kwanza, la nani anabeba, sijalijibu. Nalijua. Nitarudi.

---

Shangazi Mkali

Tabibu mimi sina ugomvi na rota. Ugomvi wangu ni surua. Mjukuu wangu kachanjwa miezi tisa, siku ya nane kapandisha homa, usiku macho juu, anatetemeka mwili mzima. Degedege! Pale nyumbani kila mtu na lake, mwingine anasema ni yule mdudu wa usiku kapita juu ya paa. Nikamwambia mwanangu ile ya miezi kumi na nane haendi. Nani kakosea?

---

Tabibu wa Zamani

Shangazi, shikamoo. Pole sana, degedege la mjukuu linamzeesha mtu usiku mmoja.

Siku ya nane, umesema. Basi sitakudanganya kwamba ni sadfa. Chanjo ya surua ni kirusi hai kilichofugwa kikapunguzwa makali, kinachukua siku saba hadi kumi na mbili kuamsha mwili, na homa huja hapo. Mtoto 1 kati ya 3,000 hadi 4,000 hivi anapata degedege la homa. Linatisha kuliko linavyoumiza, kwa kawaida linapita na mtoto anabaki na akili zake zote. Ila kwa nchi yetu degedege lolote mtoto apimwe malaria. Usimwachie chanjo lawama zote ukamkosa mbu.

Sahani ya pili: surua yenyewe. Inapofika kwenye ubongo, kiasi cha mgonjwa 1 kwa 1,000, siyo degedege la kupita. Kwa jirani zetu Kongo, kuanzia 2019 hadi Januari 2020, surua iliua zaidi ya watu 6,000, wengi watoto. Kipindi kilekile dunia nzima kamera zake zilikuwa kwenye Ebola ya Kivu na Ituri, iliyoua kama 2,300. Ebola ilikuwa na jina kubwa, lakini makaburi mengi yalichimbwa kwa ajili ya surua.

Ya miezi kumi na nane aende. Mwambieni muuguzi kilichotokea mara ya kwanza, aandike kwenye kadi. Homa ikipanda mpunguzieni nguo, mpeni dawa ya homa kwa kipimo mtakachoelekezwa. Akishikwa tena, mlazeni ubavu, msimtie kijiko mdomoni, muwahisheni.

---

Mzamia Baridi

Nawasalimu kutoka Uingereza. Niongeze kitu kimoja, maana kinafanana na cha tabibu.

Aprili 2021 huku chanjo ya korona ya AstraZeneca ilizua ile habari ya damu kuganda. Badala ya kusema "ni salama, kaeni kimya", watu wa Chuo Kikuu cha Cambridge walichora jedwali la kila rika. Nililiona kwenye taarifa ya habari nikiwa kazini, nikalipiga picha. Ukiwa na miaka 60 hadi 69, na maambukizi yakiwa kidogo, chanjo inawaepusha watu 14.1 kwa kila 100,000 kuingia chumba cha mahututi, na inawadhuru 0.2. Ukiwa na 20 hadi 29, inawaepusha 0.8 na inawadhuru 1.1. Yaani kwa kijana mizani ililalia upande mwingine! Wakasema wazi: chini ya miaka 30, mpewe nyingine. Mama mwenye nyumba wangu, miaka 66, alichoma AstraZeneca bila wasiwasi. Mimi nilikuwa na 28, nikasubiri Pfizer. Chupa ileile, nyumba ileile.

---

Mbishi wa Tandale

Ndicho ninachosema! Wao wamechorewa jedwali. Sisi 2021 zilipokuja zile dozi milioni moja na ushee za Johnson, nani alituchorea? Tulioneshwa Rais anachomwa tarehe 28 Julai, tukaambiwa tukachanje. Niliuliza kituoni kuhusu damu kuganda, nikajibiwa "kaka, acha mambo ya mitandaoni". Nikageuza.

---

Tabibu wa Zamani

Mbishi, hilo jibu nimewahi kulitoa mimi. Siyo kwako, kwa mama mmoja, kuhusu matone. Aliniuliza "hayana madhara?" na foleni ilikuwa imefika mlangoni. Nikamjibu "hayana madhara yoyote". Miezi minne baadaye mtoto wake akaletwa utumbo umejimeza. Matone hayakuhusika, miezi minne ni mbali mno, na mtoto alifanyiwa upasuaji akapona. Lakini yule mama aliniangalia pale koridoni, hakusema neno. Nikijaribu kumweleza habari za siku na wiki, ningeanzia wapi? Nilishamwambia "yoyote".

Ukweli wa Johnson ulikuwa unasemeka kwa dakika moja: kule Marekani, kati ya dozi takribani milioni 18, walithibitisha watu 60 waliopata kuganda kwa damu kwa namna ile, wakafa 9. Ungeamua mwenyewe. Mwenye miaka 60 na kisukari angechoma. Wewe labda ungesubiri, labda usingesubiri. Kuambiwa "acha mambo ya mitandaoni" hakuhesabiki kama jibu.

Na upande wa pili wa shilingi ni Samoa. Julai 2018 wachanga wawili walikufa dakika chache baada ya sindano ya surua. Kumbe wauguzi walichanganya unga wa chanjo na dawa ya kulegeza misuli ya chumba cha upasuaji, badala ya maji yake. Kosa la mikono, chanjo haikuwa na tatizo. Serikali ikasimamisha chanjo ile kwa miezi, na watu hata iliporudi hawakuwa na imani. Mwaka uliofuata surua ikaingia kisiwani. Watu 83 wakafa, karibu wote watoto wadogo, kwenye nchi ya watu laki mbili.

---

Kijiti cha Mwisho

Laki mbili? Hiyo ni kata mbili tatu za Dar. Daah.

---

Mbishi wa Tandale

Sawa. Ila bado unanidai lile la kwanza. Nani anabeba?

---

Tabibu wa Zamani

Nakudai pia uvumilivu, mkuu.

WHO zamani ilikuwa na sheria: dozi ya kwanza ya rota isitolewe baada ya wiki 15, na zote ziishe kabla ya wiki 32, kwa ajili ya kukwepa umri wa utumbo kujimeza. Tahadhari nzuri kwenye karatasi. Lakini watoto wa kwetu huchelewa kliniki: mvua, mto umejaa, mama kaenda kujifungulia kwao. Mtoto akija wiki ya 16 anarudishwa bila matone. Watafiti wakapiga hesabu ya nchi maskini, wakiingiza hata hilo lako la watoto kufika hospitali wamechelewa. Wakikadiria, kuondoa ukomo wa umri kungeokoa watoto 47,200 zaidi wasife na rota, na kungeua 294 zaidi kwa utumbo kujimeza. Mwanzoni mwa 2013 WHO ikalegeza ukomo.

Mimi nakubaliana nao. Ila nikisema nakubaliana, sisemi kwa furaha. Wale 47,200 hawatajulikana kamwe. Hakuna mama atakayeamka aseme "leo mwanangu angekufa". Wale 294 kila mmoja ana jina, ana tarehe kwenye kadi, ana mama anayekumbuka nesi gani alimdondoshea matone.

Kwa hiyo jibu langu: anayebeba ni yule mmoja kwa niaba ya wengine wote, na wengine wote wanadaiwa naye. Siyo pole, fedha. Uingereza wana sheria tangu 1979, aliyelemazwa na chanjo sana analipwa pauni 120,000. Marekani wana mfuko wao kwa sheria ya 1986. COVAX, ule mpango wa dunia wa kugawa chanjo, walipoleta chanjo za korona waliweka mfuko wa fidia kwa nchi 92, bila mtu kulazimika kuthibitisha uzembe wa yeyote. Mara ya kwanza kwa dunia! Lakini ulikuwa wa korona peke yake. Rota, surua na polio, ambazo ndizo chanjo za kila Jumatatu kliniki, hazikuwemo. Hapo, Mbishi, nasimama upande wako, na kelele zako zote ningeomba uzielekeze hapo badala ya kwenye matone.

---

Mbishi wa Tandale

Hapo tumeelewana. Nimekunyang'anya nusu ya uzi lakini sawa.

---

Mama Kulwa

Samahani kwa kuingilia. Nimesoma uzi wote usiku huu nikinyonyesha. Mimi mapacha wangu nilijifungulia kijijini kwa mama, sasa wana miezi mitano, rota hawajapata hata tone. Wiki iliyopita muuguzi kaniambia "umri umepita, hizo nyingine ndio watapata". Nimeona umesema ukomo umelegezwa. Niende nikagombane?

---

Tabibu wa Zamani

Usigombane dada. Huenda muuguzi anafuata mwongozo aliofundishwa, na ukimjia na simu mkononi atakasirika. Nenda asubuhi, umwombe mganga mfawidhi, useme: "Wanangu hawajaanza rota, naomba muulizie kwa mratibu wa chanjo wa wilaya kama wanaweza kuanza sasa." Uamuzi ni wao, mimi huku siwaoni watoto. Wakikubali, wakueleze dalili: kulia kwa mafungu huku anakunja miguu, kutapika mfululizo, choo chenye damu. Ukiziona usipite popote, hospitali moja kwa moja, hata usiku.

---

Mama Kulwa

Mrejesho. Nimetoka kliniki. Mratibu alipigiwa simu mbele yangu, kakubali. Doto kameza yote vizuri na kulamba midomo. Kulwa kayatema yote kwenye kanga ya muuguzi.

---

Kijiti cha Mwisho

Huyo Kulwa atakuwa anasoma jamvi hili 😂

---

Mama Kulwa

😂😂 Kaongezewa mengine palepale. Muuguzi kamziba mashavu kwa vidole viwili hadi akameza. Tumeambiwa turudi baada ya wiki nne.